Miiba Niliyoiondoa Mwenyewe

Kijiji chetu kilibishana msimu mzima kama mwenyekiti alizuia haki au hakuzuia. Watu walibishana kisimani, kwenye foleni ya duka la ushirika, kilabuni, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi sikubishana na mtu. Miiba niliiondoa kwa mikono yangu, sasa ningebishana nini?

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, upande wa Ihanja. Tulikuwa tumeshahama maboma yetu ya zamani na kupangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Baba alikuwa amefariki. Alimwachia mama mimi na maksai wawili wa kulimia, na ukimuuliza mama wakati wa kulima, sidhani kama mimi ningetajwa wa kwanza. Bila maksai wale tulikuwa watu wa jembe la mkono, na mgongo wa mama ulikuwa umeshachoka.

Asubuhi moja tukakuta zizi limefunguliwa, maksai hawapo. Mmoja alikuwa na kwato iliyopasuka, mguu wa mbele wa kulia, kwa hiyo alama yake hata mtoto angeitambua. Kwetu kuna sheria ya nyayo, ya zamani kuliko serikali zote nilizoziona. Nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia katika eneo la watu, watu hao ndio waonyeshe zilikotokea. Wakishindwa, wao ndio watakaolipa ng'ombe hao. Tulizifuata kutwa nzima. Zikazunguka porini, na jioni zikashika njia ya nyuma ya kilima, kwenye nyumba chache za mwisho wa kijiji, anakokaa shemeji yake mwenyekiti. Giza likatuwahi. Tukafanya kama ilivyo desturi: tukakata matawi ya mgunga yenye miiba, tukazifunika nyayo za mwisho, kila tawi likakandamizwa kwa jiwe, ili asubuhi wazee wa pande zote mbili waje wazisome pamoja. Tawi la mwisho aliliweka mama.

Huyo mwenyekiti alikuwa rafiki wa baba, nikimwita baba mdogo. Siku tunamzika baba alinishika bega mbele ya watu akasema, "Huyu ni mwanangu." Na hayakuwa maneno matupu. Ni yeye aliyenifikisha darasa la saba. Nilimpenda, sitaki kusema uongo.

Kesho yake ilikuwa zamu ya nyumba yetu kuchunga, maana ng'ombe wa kijiji walichungwa pamoja, leo nyumba hii, kesho ile. Nilikuwa kijana mkubwa, umri wa kuoa. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kuwaita wazee. Alfajiri mwenyekiti akaja mwenyewe mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe leo wapeleke kisima cha nyuma ya kilima. Huku maji yamekuwa tope."

"Lakini njia ile si ndiyo yenye nyayo?"

"Zimeshasomwa. Natoka huko na wazee sasa hivi, kazi imekwisha. Ondoa ile miiba, ng'ombe wasije wakaumia."

Nikadhani mama amewapata wazee mapema. Sikuuliza tena. Mwenyekiti, halafu baba mdogo, umuulize mara mbili wewe kama nani? Nikaondoa tawi moja moja, nikayarundika pembeni kwa adabu kabisa, mjinga mimi, kisha nikapitisha kundi zima.

Mama alipofika na wazee alikuta vumbi. Akaniuliza nani katoa miiba. Nilipomjibu alikaa chini pale pale njiani.

Ndipo ubishi ulipoanza. Wengine wakasema kiongozi wa Chama hawezi kuficha mwizi, ana mambo makubwa ya kijiji, nyayo zinamhusu nini? Wengine wakasema lisemwalo lipo. Mzee mmoja kilabuni aliwanyamazisha wote. Alisema hana haja ya kujua kama mwenyekiti alimfahamu mwizi. Anachotaka kuambiwa ni kwa nini hakusubiri jua lichomoze. Siku hiyo mzee yule hakunywa pombe yake mwenyewe, kila mtu alimnunulia.

Mwisho katibu kata akaja, tukakusanyika kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti akasimama.

"Nilimwambia awapeleke ng'ombe wakanywe maji. Njia sikumchagulia. Miiba sikuitaja kabisa."

Alisema hayo akinitazama usoni bila kupepesa, kwa macho yale yale ya siku ya maziko. Nikaeleza yote.

"Nani mwingine alisikia?" katibu akauliza.

"Hakuna."

"Na miiba aliiondoa nani?"

"Mimi."

Kuna waliocheka. Mwenyekiti akainua mkono kuwatuliza, akasema kwa upole, "Tumsamehe. Ni kijana, amekosea tu." Sijawahi kuumia kama nilivyoumia na msamaha ule. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unahusu chawa.

Katibu akasema wanaoona mwenyekiti hakuzuia haki wanyooshe mikono. Orodha ya mahindi ya njaa aliiandika mwenyekiti, na kila mtu alilijua hilo. Mikono ikanyooka kama mtama. Mzee wa kilabuni naye alinyoosha, akiangalia chini. Mama aliiacha mikono yake mapajani.

Mvua ziliponyesha tukashika jembe la mkono, mama na mimi. Siku ya tatu mwenyekiti akaja shambani na maksai wake na plau, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba amekuja kumlimia mjane wa rafiki yake. Mama akaenda kwenye mgunga ulio mpakani, akakata tawi, akalilaza pale wanapoingilia ng'ombe, akaweka na jiwe juu yake. Mwenyekiti alisimama kidogo, kisha akageuza maksai wake.

Mama akaokota jembe lake. Akalima hatua kadhaa, kisha akasema bila kunitazama.

"Hilo usiliondoe."