Nyati wa Randburg na Kitenge cha Mke Wangu

Mimi ni fundi cherehani wa Rosettenville, mzaliwa wa Bukavu, na naandika haya hasa kumshukuru mke wangu.

Mmarekani mmoja, anayecheza futiboli ya kwao na wenzake wa ofisini kule Randburg, aliniagiza vazi la nyati wa kuchangamsha mashabiki. Alinieleza kwamba zamani timu kubwa za kwao zilileta wanyama hai uwanjani, hata farasi, kisha watu wakaanza kuvaa manyoya wenyewe. Nikaitikia kama mtaalamu. Kumbe mimi najua magauni ya harusi tu, basi nyati nikamtia zipu mgongoni, mahali ambapo mvaaji hafiki kwa mkono wake.

Siku ya mechi mvaaji aliyepangwa hakutokea, nikavaa mimi. Kwa lile joto, ndani nilibaki na chupi tu. Mke wangu alinifunga zipu akinung'unika, "Baba Neema, vaa hata kaptula."

"Nani atamvua nyati nguo?" nikamjibu.

Nilicheza ndombolo mpaka watu wakapuliza vuvuzela zao za Kombe la Dunia. Kisha pumzi ikanikatika, nikaanguka. Yule Mmarekani akadhani nakufa. Akanikimbilia, akaivuta zipu mpaka mwisho, akanitoa.

Uwanja mzima ukaniona.

Kabla sijajua hata nijifiche wapi, Mama Neema alishafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni lake. Akanizungushia kiunoni taratibu, akawageukia watu na Kiingereza chake cha sokoni.

"Nyati ni wenu," akawaambia. "Huyu ni wangu."