Pumzi Chini ya Mbao

Nakumbuka msimu mmoja wa masika, mwanangu, nywele zangu zikiwa bado nyeusi na mdomo wangu hauna breki. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya mbao huku Maparoni, imesimama juu ya nguzo za mikoko ukingoni mwa mto. Mie nikawa naikodisha kwa watu wa mjini wanaopenda kupumzika. Walipanda boti Nyamisati, wakaja kula kamba na kutazama ndege. Hela yote walinitumia kwa simu kabla hawajafunga hata begi.

Ndivyo alivyokuja mwalimu mmoja kutoka Dar es Salaam, Idrisa, na mkewe, na binti yao Nasra wa miaka sita. Walilipia siku nne.

Asubuhi ya pili mtoto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anachora. Akasema, "Mama, kuna mtu anapumua huku chini." Mama akacheka. Mtoto akaendelea kuchora, akasema tena, "Nikipumua na yeye anapumua."

Idrisa akainama, akaweka jicho kwenye ufa wa mbao. Maji ya bamvua yalikuwa yamejaa chini ya nyumba. Alinieleza baadaye kwamba kwanza aliona giza tupu, kisha giza lile likafumbua jicho.

Hawakungoja chai. Waliita boti kwa simu, wakakaa wote watatu juu ya kitanda mpaka ilipofika. Mie niliwakuta gatini, huku kijijini.

"Dada, kuna mamba chini ya nyumba, na mtoto huyu hatuwezi kubaki," Idrisa akaniambia. "Tunaomba uturudishie hela ya siku tatu ambazo hatujakaa."

"Mamba si wangu," nikamjibu. "Mie nimekodisha nyumba, na nyumba ipo. Mnaoondoka ni ninyi."

Akasema ataenda kwa mtendaji wa kijiji. Nikamwambia aende, njia anaijua. Mkewe alikuwa amembeba Nasra kama kichanga, maana mtoto alikataa kabisa kukanyaga mbao za gati.

Sasa nikuambie nililolificha, na naona aibu hadi leo. Wiki moja kabla, mbwa aliyekuwa akilinda nyumba ile alipotea. Niliikuta kamba yake imekatika, na tope lina alama ya kitu kilichoburuzwa kuelekea majini. Nikachukua ufagio, nikalisawazisha. Kesho yake nikapokea hela ya mwalimu.

Shangazi yangu Bi Zuhura, aliyenilea, alikuwa pale gatini ananunua samaki. Hakunikemea mbele ya wageni. Alingoja waondoke, akaniuliza taratibu, "Nyumba ni salama?"

"Salama, shangazi."

"Basi zile siku tatu ni zako, umeshalipwa. Nenda kakae."

Nilikwenda kwa kiburi, mchana kweupe, na chupa yangu ya chai. Aliyenivusha akanishusha, akaenda zake. Ndani nikaokota karatasi ya mtoto. Alikuwa amechora nyumba na watu watatu ndani yake. Wa nne alikuwa amelala chini ya sakafu, amenyooka, anatabasamu.

Mwanangu, pale mtoni hapakosi kelele. Ndege wapo, kaa wanatatarika kwenye tope, mashine za boti zinanguruma kwa mbali. Siku ile hapakusikika chochote. Nikamimina chai, na kikombe kikiwa mdomoni nikaisikia. Pumzi ndefu, nzito, kama ya mtu anayejizuia asikohoe. Ilitoka chini ya kiti changu.

Nikahamia dirishani. Maji yakasogea, pumzi ikaja chini ya dirisha. Nikanyata hadi mlangoni. Ikanyamaza kidogo, halafu ikaja pale pale, penye ngazi ya kushukia.

Nilipanda juu ya meza, mtu mzima mie, nikapiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Shangazi hakuwa mbali; alikuwa amenifuata kwa boti. Alikuja na wavuvi wawili, wakayapiga maji kwa makasia. Kitu kikapita kati ya nguzo, nyumba nzima ikatetemeka, kisha mto ukatulia kama hakuna kilichotokea.

Botini shangazi alinifunika kanga yake. "Mtoto wa watu alikuwa amelala juu ya hicho," akasema.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilimrudishia Idrisa hela yote, ya siku nne, kisha nikampigia kumwomba radhi. Akaniuliza neno moja tu.

"Dada, ulijua?"

Ningeweza kukana. "Nilijua," nikasema. "Mbwa wangu alichukuliwa kabla yenu."

Akakata simu. Sikumsikia tena. Askari wa wanyamapori walikuja, wakatafuta siku kadhaa, hawakumwona mnyama. Nyumba niliibomoa.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: ukimpokea mgeni umepokea na uhai wake. Unalolijua kuhusu mahali unapomlaza, mwambie kabla hujapokea hela yake. Na akikimbia hatari, usimzuilie chake kwa kisingizio cha makubaliano. Mrudishie, na umshukuru Mungu kwamba amefika kwao mzima.

Nenda sasa. Mola akupe riziki usiyoionea haya, na kila atakayelala chini ya paa lako aamke salama. Amina.