Ngamia Niliyemnyoa kwa Ajili ya Wakwe

Kuna siku moja naikumbuka, mjukuu wangu, kila nikiona mkasi. Cheka tu, bibi yako naye hucheka. Lakini kaa kwanza unywe chai. Jana ulirudi kutoka Ngaremara, wiki yako ya kwanza kazini kama afisa wa mifugo, ukasema mbuzi wa kule ni wadogo mno, na ukiachiwa wewe utawabadilisha wote. Niliisikia sauti ya ujana wangu ikitoka kinywani mwako.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na hapa Kiwanjani sikuona mtu wa kunifundisha kitu. Nilimpenda Habiba, huyu huyu bibi yako, ambaye kwao ni Kinna. Wazee walikuwa wameshakubaliana. Kilichobaki ni mimi kumpeleka ngamia jike mmoja wa mahari, na nyanya yake Habiba, Akko Kabale, kwani akko kwetu ni nyanya, ndiye angemkagua. Katika ukoo ule neno la Akko Kabale lilikuwa la mwisho. Akimkataa ngamia, amekukataa na wewe.

Baba alinipa Dalacha, ngamia wa kijivu, mpole, mwenye kifua kipana. Tatizo langu lilikuwa manyoya yake. Mgongoni na kwenye nundu yalikuwa mazito, yamejaa vumbi na miiba, kama mkeka uliosahaulika nje. Nikajiuliza nitaonekanaje mbele ya wakwe. Tena kilikuwa kiangazi, jua la kuchoma mawe, na mnyama amevaa koti! Shuleni tulifundishwa kwamba manyoya huzuia joto, na hilo ni kweli kabisa. Nilichosahau kuuliza ni joto la upande gani.

Basi nikachukua mkasi wa mama wa kushonea nikamnyoa mgongo mzima. Baba alikuwa mnadani. Angekuwepo, ningenyolewa mimi. Rafiki yangu Galgalo, ambaye tungesafiri pamoja, alimzunguka Dalacha mara mbili.

"Sasa huyu anaenda arusi ama anaenda jeshi?" akauliza.

Nikamwambia hajui usafi. Tukapakia mizigo yetu kwenye ngamia wake, mzee mmoja mwenye manyoya ya ovyo, tukaanza safari.

Siku ya kwanza nilitembea kwa maringo. Siku ya pili, jua lilipopanda, ngamia wa Galgalo alikuwa anacheua kama mtu asiye na haraka na dunia. Dalacha alikuwa anatoka jasho. Nikimgusa mgongoni kiganja kinalowa, na kabla sijakipangusa jua limeshakikausha. Galgalo akaniita nimguse wake. Juu ya yale manyoya palikuwa na moto wa kuunguza, lakini nilipozamisha vidole hadi kwenye ngozi nilikuta nafuu, kama mtu aliyeingia ndani ya nyumba. Nilitoa mkono. Maringo yaliniisha pale pale.

Siku ya tatu, tulipokaribia Kula Mawe, mbavu za Dalacha zilikuwa zimebonyea. Akapiga magoti, akakataa kuinuka. Niliogopa, mwanangu, sitakuficha. Nilimwona Habiba akiolewa na mtu mwingine, mtu mwenye ngamia mwenye manyoya. Nikavua shuka langu, Galgalo akatoa mkeka wetu wa kulalia, tukamfunika mgongo. Tangu hapo tukawa tunatembea alfajiri na jioni tu, mchana tunakaa. Hivyo ndivyo nilivyoingia Kinna siku ya tano: bwana arusi kifua wazi, na ngamia amevaa shuka.

Akko Kabale alikuwa kisimani. Mwembamba, mfupi, macho makali.

"Salaam aleikum, akko," nikasema.

"Aleikum salaam. Mpatie maji kwanza, salamu itangoja."

Dalacha alikunywa birika la mifugo la kwanza, la pili, la tatu, bila kuinua kichwa. Niliona tumbo linavimba mbele ya macho yangu, nikataka kumvuta atoke. Akko akanipiga kiganja.

"Wacha anywe! Huyu si mbuzi. Damu yake inajua kupokea maji mengi mara moja." Kisha akainua pembe ya shuka, akachungulia. "Kijana, umesoma?"

"Ndiyo, akko."

"Sasa hiyo shule yenu ilikuwa ya kunyoa?"

Galgalo alicheka hadi akashika ukuta wa kisima. Mimi nilitamani kisima kinimeze.

"Huyu alikuwa amebeba nyumba yake mgongoni," Akko akaendelea. "Jua linagonga mlango, linabaki nje. Mchana mwili wake unaacha joto lipande kidogo kidogo, hatoi jasho bure. Baridi ya usiku ikikuja, analitoa lote. Mkojo wake ni kidogo, choo chake kikavu unawasha moto siku hiyo hiyo. Maji hapotezi hata tone. Wewe umebomoa nyumba, ukamwambia atembee. Kuna kitu kingine ulikuwa unataka kunyoa? Mjukuu wangu pia ana nywele."

Nikamwomba msamaha. Nikasema nilidhani namsaidia.

"Najua," akasema, na hapo sauti ikalainika. "Hata kumfunika, ulimfunika. Kwa hivyo sijakufukuza. Utakaa hapa umchunge. Siku nywele ya huyu ngamia itarudi, utapewa Habiba."

Mwanangu, hakuna kinyozi duniani aliyewahi kungoja nywele kama nilivyongoja zile. Nilimjengea Dalacha kivuli, nikamtafutia majani yenye majimaji, na kila asubuhi nilipapasa ule mgongo kama daktari. Habiba alikuwa akipita na mtungi wake, ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa kama zimefikia kiungo cha kidole ama bado. Miezi ilipita. Siku moja Akko Kabale akaja mwenyewe, akazamisha vidole, vikapotea hadi kiungo cha kwanza. Alikwenda akawaambia wanawake watwange kahawa ya arusi. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Siku ile ulipokuwa unanisomea kitabu chako cha chuo, kwamba ngamia hupandisha joto la mwili mchana ili asipoteze maji, nilitabasamu. Ulidhani nasinzia. Nilikuwa kisimani Kinna.

Sasa hao mbuzi wako. Pengine ni kweli wanahitaji kubadilishwa, umesoma kuliko mimi. Lakini kabla hujawaita wadogo, jiulize mwili mdogo unakula kiasi gani mwaka usio na majani. Waulize wenyewe wa Ngaremara, hasa kina mama wanaokamua. Kitu ambacho kimeishi mahali pagumu miaka mingi, usikione kichafu wala kibovu mpaka ujue kinafanya kazi gani. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, vua shuka lako mapema ufunike. Mimi nilipewa mke kwa sababu ya lile shuka, si kwa sababu ya ngamia.

Mungu akupe macho ya kuona na masikio ya kuuliza. Mvua ikutangulie kila boma utakaloingia, mifugo utakayoigusa izae, na watu wafurahi wakiona vumbi la pikipiki yako. Haya, nenda kazini kwa amani. Mkasi uache hapa nyumbani.