Pikipiki Iliyohesabiwa Taa Nane

Siku niliyoingiza pikipiki ya umeme kwenye lupango letu, ua wa wapangaji, jirani yangu fundi wa nguo aliizunguka mara mbili, akainama kutafuta bomba la moshi, akalikosa, akainuka akiwa na huruma usoni.

"Prof, walikuibia," akasema. "Hii piki haina échappement."

Nikamweleza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na ugonjwa wangu ni kueleza. Nikianza siachi mpaka mtu akubali, na akikubali upesi mno naanza upya, maana najua hajaelewa. Fundi alisimama pale mpaka pasi yake ya makaa ikapoa. Mwishoni akasema "sawa, Prof" kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula.

Nilikuwa nimechoka na wenye pikipiki za kukodi. Kutoka kwetu Mudzi-Pela mpaka shuleni, upande wa pili wa mji wa Bunia, kila asubuhi nilianza kazi kwa kugombana. Mafuta yakipanda, nauli inapanda. Mafuta yakishuka, nauli haina habari. Zamu yangu ya likelemba, upatu wetu, ilipofika, akina mama wenzangu wa kikundi waliponikabidhi fungu langu, sikununua kabati jipya wala godoro kama walivyotegemea. Nilikwenda moja kwa moja kwa mfanyabiashara aliyeleta pikipiki za umeme kutoka Uganda.

Ah, nilifurahi! Inakwenda bila kelele kabisa. Mbuzi wa Bunia wamezoea kukimbia mlio, kwa hiyo mimi walinitazama tu wakiendelea kutafuna katikati ya barabara. Honi yake ilikuwa na sauti ya kifaranga. Ikabidi nitumie ya kwangu: "Pembeni! Pembeni!" kutoka nyumbani mpaka shuleni, vumbi jekundu likiingia mdomoni. Wanafunzi wachelewaji walikoma. Zamani walisikia mlio wa pikipiki iliyonibeba wakapata muda wa kukimbilia darasani. Sasa nilikuwa nyuma yao kabla hawajageuka.

Jioni naichomeka ukutani, asubuhi imeshiba. Sikuona tatizo lolote. Tatizo waliliona wengine.

Lupango letu lina milango minne na mita moja ya umeme, ile ya kulipia kabla, iliyopigiliwa kwenye ukuta wa mama mwenye nyumba. Sheria yetu ni ya zamani kuliko mimi pale: kila nyumba inalipa kwa idadi ya taa zake. Fundi ana taa moja, analipa ya moja. Mimi nina mbili, nalipa za mbili. Mwenye nyumba mwenyewe hupita mwisho wa mwezi, anainua kichwa, anahesabu zinazoning'inia darini, anaondoka. Kitu kilichochomekwa ukutani hakijawahi kuhesabiwa na mtu yeyote. Redio, simu, pasi, yote hayo ni hewa. Taa ndiyo umeme.

Na nyumbani kwangu kuna mama yangu.

Mama alitoka upande wa Kpandroma miaka miwili iliyopita, kijiji chao kilipokimbia vita. Ilikuwa mara yake ya pili kukimbia. Alifika na beseni moja la nguo na sufuria yake kubwa, ile ya kupikia watu wengi, maana kule kwake hakuna aliyepita mlangoni akaondoka na njaa. Kwangu alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Alikuwa akiniomba ruhusa ya kufungua dirisha. Mama yangu mzazi, ananiomba mimi dirisha! Iliniuma sana, na sikujua nifanye nini.

Kisha, karibu wakati ule ule pikipiki ilipokuja, akafufuka. Akaanza kupika maharage. Si ya kwetu tu: bakuli kwa fundi, bakuli kwa mwenye nyumba, bakuli kwa mjane wa mlango wa mwisho. Watu wakaanza kumwita Koko, bibi, na kumsalimia dirishani, ambalo sasa alilifungua mwenyewe. Nilimwachia pesa za makala, yaani makaa, kila wiki kama kawaida. Mbabula yetu, jiko la makaa, ilikuwa nje mlangoni, na majivu yake ndani. Sikuitazama mara mbili.

Umeme tulioununua kwa mwezi ukaanza kuisha katikati ya mwezi. Mwenye nyumba alikuja moja kwa moja kwangu.

"Weye na piki yako," akasema. "Siye tunalala mu giza juu ya piki?"

Nikamweleza. Nilichukua chaki nikamwandikia hesabu ukutani, ukuta wake mwenyewe, nikamwonyesha kwamba pikipiki ile inakula kidogo kuliko anavyodhani. Alitazama hesabu, akalowesha kidole, akaifuta.

"Siku ya yenga, Jumapili, kisha misa, siye wote tutakaa pamoja. Piki itoke, ao weye utoke."

Nilicheka kwa hasira. Lakini niliporudi ndani nilimkuta mama amepiga magoti, anakunja vitenge vyake na kuvipanga ndani ya lile beseni. Alikuwa amesikia neno moja tu, kutoka, na mikono yake ilijua la kufanya. Hakulia. Hakuniuliza tunakwenda wapi. Hapo hasira yangu iligeuka kuwa hofu, na nikaapa kwamba mama hatafunga beseni mara ya tatu, si kwa sababu yangu.

Njia niliyoijua ni moja: jaribio. Niliiacha pikipiki shuleni, kwenye stoo, wiki nzima. Nilikwenda na kurudi kwa miguu, viatu vikinichuna, na asubuhi na jioni nilisoma mita na kuandika. Namba zilishuka vilevile! Nilifurahi vibaya. Pikipiki haina kosa! Tena zilishuka mchana, wakati watu hawapo. Nikajua kuna mwizi, na moyoni nikamteua fundi: lazima ameficha pasi ya umeme.

Ijumaa niliomba ruhusa saa tano, nikarudi kumkamata. Kijitaa chekundu cha mita kilikuwa kinakonyeza haraka haraka. Kuna kitu kikubwa kinakula. Mlango wa fundi una kufuli. Mwenye nyumba yuko sokoni. Mjane ameanika nguo, ndani kwake hakuna hata redio. Ukabaki mlango mmoja, na huo ni wangu.

Ndani kulikuwa na giza la mchana, maana taa zote mbili zilikuwa zimezimwa. Kwenye sakafu, jiko dogo la umeme nililonunua kwa ajili ya chai na kulisahau chini ya meza, limewaka jekundu kama pilipili. Juu yake sufuria kubwa. Maharage yalikuwa yanachemka polepole, na kwa harufu yake yalikuwa yameanza tangu nilipotoka asubuhi.

"Umeshafika?" mama akasema kwa furaha. "Bado kidogo tu. Tazama, nilizima ampule zote. Siwezi kuchezea courant ya batu."

"Mama, na hii?"

"Hii réchaud? Fundi aliniambia hapa banalipa ampule. Réchaud haiko na ampule." Akafunua sufuria, akakoroga. "Na franka ya makala, ninaongeza maharage."

Ninyi hamnijui. Nilikuwa na maelezo tayari, mazuri, yenye mpangilio, na mfano mmoja wa maji na bomba ambao hata darasa la wavivu huuelewa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaona beseni kwenye kona, limefungwa kwa kitenge, na juu yake mama amepanga mabakuli ya majirani, safi, yakisubiri. Nikimweleza, hatapika tena. Atarudi kwenye ukingo wa kiti. Namjua.

Nikafunga mdomo. Kwangu hilo si jambo dogo. Niliumwa taya.

Jumapili tulikaa uani, kila mlango na kiti chake, na kila mtu na bakuli la maharage magotini, maana mama hangeweza kuacha watu wajadili na njaa.

"Prof," mwenye nyumba akasema akitafuna, "uko na hesabu yako?"

"Niko nayo," nikasema. "Nilikosea. Ni piki."

Miaka yote niliyoishi pale hawajawahi kunisikia nikisema nimekosea. Mjane aliacha kijiko hewani. Fundi tu ndiye aliyekunja uso.

"Lakini hii wiki piki haikulala hapa," akasema.

Nilimtazama. Alinitazama. Akatazama bakuli lake, akamtazama mama aliyekuwa akipita na sufuria akiuliza nani anaongezwa, na nikaona jambo likimwingia taratibu, lote, bila mimi kueleza hata neno moja. Akanyoosha bakuli lake aongezwe.

"Ni kweli," akasema. "Hizi piki za courant, hata zikilala mbali, zinakula."

Ningeweza kumkumbatia. Ikabaki kujadili ile pikipiki ni sawa na taa ngapi. Mwenye nyumba alidai kumi, fundi akasema tano, mjane akauliza kama tunahesabu na kijitaa chake cha mbele. Tukakubaliana nane. Kwa hiyo sasa, kwa sheria ya lupango letu, mimi ni mwanamke wa taa kumi, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba huinua kichwa, anahesabu mbili za darini, kisha anainamisha kichwa kuitazama pikipiki kwa heshima.

Nalipa, na bado ni nafuu kuliko wale wa kukodi. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, na sina wa kumweleza.

Jioni nikirudi, nikiwa nimepiga kelele za "pembeni" mpaka sauti imekauka, nakuta nyumba ina giza. Mama amezima taa zote mbili.

"Ninakusaidia na ile piki yako," ananiambia. "Iko na njaa mubaya."

"Merci, mama."

Naingia, navua viatu, nasahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Jiko linawaka jekundu kwenye sakafu. Vitenge vyake viko kabatini kwangu, rafu ya juu, aliyoichagua mwenyewe. Beseni liko kando ya sufuria, limejaa maji, na ndani yake analoweka maharage ya kesho.