Pazia Ambalo Mama Dobi Hakulifua

Uani kwetu kamba za kuanikia ni za Mama Dobi. Sisi wapangaji wengine tunaomba nafasi, na nafasi yenyewe unaipata ukiwa umemwamkia vizuri. Ukimpita bila salamu, nepi za mwanao zitakauka kwa kuombewa. Anasema hivyo mwenyewe, halafu anacheka, halafu anakusogezea mashuka ya watu ili nepi zipate jua.

Nimekaa naye nyumba moja tangu nilipoolewa. Mume wangu ni fundi baiskeli, na siku ya kwanza shati lake la kazi lilipotoka mikononi mwa Mama Dobi bila grisi hata tone, alilishika kama si lake.

"Langu umelipeleka wapi?"

"Nimelizika," Mama Dobi akamjibu. "Hili ni mtoto wake."

Ndivyo alivyo. Kila doa anajua lilitoka wapi na litaondoka kwa njia gani. Damu ni maji ya baridi, anasema, ukitia ya moto umeikaribisha ikae. Huchutama mbele ya beseni tangu jua halijapanda, huanza na nguo nyeupe, ndipo zije za rangi, na mgongo wake akiunyoosha unalia mpaka chumbani kwangu nasikia.

Hakujaliwa kuzaa. Anaye binti wa marehemu mdogo wake, msichana mtu mzima sasa, aliyemlea tangu anaota meno. Ua mzima tunamwita Kasuku, kwa kuwa akishika maneno hata redio inaona aibu. Kazi ya kutandika vitanda kwenye gesti ya mtaa wa pili alitafutiwa na mama yake mkubwa huyo, maana mashuka ya gesti hiyo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wote wawili. Msimamizi wa gesti alikuwa akiyaleta mwenyewe. Alimwita Mama Dobi "mama", na hakuondoka bila kumwulizia mgongo.

Asubuhi moja nilitoka chumbani na mwanangu mgongoni, nikakuta kambani kuna nguo moja tu. Gauni la Kasuku la njano. Nikasimama. Mama Dobi huanza na nyeupe, siku zote. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Alikuwa amechutama mbele ya beseni lisilo na kitu.

"Mama, kuna nini?"

"Kasuku."

"Anaumwa?"

Akautazama mlango wa chumba chao. Ulikuwa umefungwa na joto lote lile.

"Mwanaume kamwingilia kwa nguvu," akasema. "Jana jioni, stooni, wakati wa kukabidhi mashuka."

"Mwanaume gani?"

"Anayeniita mama."

Nikakaa pale pale kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikakumbuka maneno ya kliniki. Siku moja ya kupima uzito wa watoto, nesi alisimama mbele ya benchi letu akasema mtu akifanyiwa hivyo awahi hospitali, ikiwezekana siku ile ile, na kwa vyovyote zisipite siku tatu, kwa sababu zipo dawa za kuzuia. Akasema asioge wala asifue nguo alizovaa. Mwanangu alikuwa analia, mengine hayakunifikia. Nikamweleza Mama Dobi yote niliyoyashika, kama yalivyonijia mdomoni.

"Asifue?" akauliza.

Akaligeukia gauni. Lilikuwa linang'aa, maji yanadondoka pindoni.

"Nimelifua nikarudia," akasema. "Na yeye nimemwogesha. Alikuja anatetemeka, nikamchemshia maji, nikamwogesha kama alipokuwa mtoto. Mpaka kwenye kucha nimemsugua." Akaitazama mikono yake, ile mikono ambayo ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji. "Basi, yamekwisha."

"Hayajaisha, mama. Twende."

"Twende tukaseme nini? Wataniuliza nguo iko wapi, nitawaambia imetakata? Nitakuwa nimemsafishia njia yule mwanaume kwa sabuni yangu mwenyewe."

"Dawa ni za kumeza. Haziwekwi kwenye gauni."

"Wewe bado mdogo, hujui watu. Watasema nimeficha. Watasema tumepatana naye, tumegeukana." Akaanza kumimina maji kwenye beseni, kama kwamba kuna cha kuloweka. "Mwache apumzike. Atasahau."

Shule yangu ni ya msingi, na mbele ya mtu aliyenizidi umri mdomo huwa mzito. Nikaingia kwa Kasuku. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, nywele bado mbichi. Nikamlaza mwanangu karibu naye kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono yangu. Mtoto akamshika kidole. Kasuku hakukiondoa kidole. Jua likazidi kupanda, na mimi moyoni nazihesabu zile siku tatu kama chungu kilicho motoni.

Ndipo tukasikia, "Hodi hapa! Mama, mgongo unasemaje?"

Sauti ile ile ya kila wiki. Kasuku alinikamata mkono nikadhani unavunjika.

"Upo," Mama Dobi akajibu nje.

"Na Kasuku wetu? Leo hajafika kazini. Mwambie asilete uvivu, nafasi yake wanaitaka wengi."

"Ana homa."

"Mpe pole. Mzigo huu nautaka kesho asubuhi, wageni wamejaa." Kisha akauliza, "Leo huna utani, mama?"

"Umeisha. Umebaki mgongo."

Akacheka, tukasikia furushi likitua sakafuni, na viatu vyake vikaenda zake taratibu, vya mtu asiye na haraka wala wasiwasi. Kasuku aliuachia mkono wangu. Akajifunika kanga kichwani, akaenda mpaka mlangoni akishika ukuta.

"Mama mkubwa."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu nilipoingia.

"Pazia la bluu usilifue. Lilikuwa sakafuni pale stooni. Kama kalileta, limo humo."

Mama Dobi alifungua furushi. Mashuka meupe, foronya, mashuka tena, na katikati kabisa, limeviringishwa likawa dogo, pazia la bluu. Mkono wake ulikwenda, kama unavyokwenda kila siku, ukalichukue ukalitie majini. Ukasimama hewani. Kisha akalishika kwa ncha, akaniambia nilete mfuko. Nikaleta wa nailoni, sikuwa na mwingine.

"Unataka twende?" akamwuliza Kasuku. Nadhani ndilo swali lililokuwa limekosekana tangu jana jioni.

"Nataka."

Hospitalini dirisha la mapokezi lina tundu dogo, na kijana wa ndani huuliza kwa sauti ya kuita watu mashambani.

"Tatizo nini?"

Foleni yote ikageuka. Kasuku akainamisha kichwa.

"Tatizo ni lake, si la foleni," Mama Dobi akamwambia. "Tuonyeshe pa kwenda kusemea, sisi siyo tangazo."

Kijana akaona haya. Akatoka mwenyewe akatupeleka mpaka mwisho wa korido, kwenye mlango usio na maandishi, wenye pazia.

Nesi wa humo alifunga mlango, akamgeukia Kasuku kabla hajatutazama sisi. "Pole. Hapa hakuna kitakachofanyika mpaka wewe useme ndiyo. Ukichoka, tunasimama. Umenielewa?" Kasuku akaitikia kwa kichwa. Mama Dobi hakuweza kungoja.

"Nesi, nimefua. Na nimemwogesha."

Niliona anavyosubiri. Mtu anayesubiri kupigwa.

"Kaa, mama," nesi akasema. "Ingekuwa bora hujafua, sitakudanganya. Lakini alikuja kwako ameumia, ukamshika kwa namna unayoijua. Aliyeoga anatibiwa. Aliyefua anatibiwa. Hata aliyekaa kimya mwaka mzima akija leo, mlango ni huu huu, japo dawa nyingine zinakuwa zimempita. Nyinyi zote mmeziwahi."

"Tusianzie polisi?"

"Dawa kwanza. Polisi ni pale atakapotaka mwenyewe. Yupo mama askari wa dawati la jinsia, nikimwita anakuja chumba hiki, binti hatakaa kaunta na walevi."

Kisha akauona mfuko wetu wa nailoni, akatafuta mfuko wa karatasi. Nailoni hutoa jasho, akasema, kilichomo kinaharibika. Mama Dobi akaitikia haraka. Nguo iliyofungiwa kwenye nailoni ni jambo asilohitaji kufundishwa. Alilihamisha pazia mwenyewe, bila kulikunjua, na nadhani kuanzia hapo ndipo alipoweza kupumua.

Kasuku alipewa dawa ya kuzuia mimba, na vidonge vya kuzuia virusi, vya kumeza mwezi mzima bila kuruka. Akapewa pia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, mwanamke mpole ambaye, Kasuku aliniambia baadaye, anaweza kunyamaza nawe bila kutazama saa. Kesho yake akasema anataka kuongea na yule askari. Pazia likachukuliwa.

Natamani niandike kwamba mambo yalikaa sawa. Msimamizi alikamatwa, akatoka kwa dhamana, na tulimwona barabarani na shati lililopigwa pasi, mashati yake sasa yanafuliwa na mtu mwingine. Kesi inapigwa tarehe. Gesti haikuleta tena mashuka. Kamba zina nafasi tele, nepi za mwanangu zinapata jua lote, nami silifurahii. Vidonge vilimtapisha Kasuku, lakini alivimaliza, mama yake mkubwa akiwa amesimama na kikombe cha maji kila asubuhi. Analala taa ikiwaka. Maneno bado machache. Wanawake wawili waliobaki gesti walikuja kwa siri kumwuliza, na kuanzia hapo wanaingia stoo wawili wawili. Walimbana mwenye gesti mpaka kitasa cha ndani kikang'olewa. Ni kidogo, lakini kimetoka kwake.

Bombani kuna mmoja alitupa neno, "Siku hizi dobi anaanika aibu ya nyumba barabarani."

"Siyo ya kwangu," Mama Dobi akasema, anajaza ndoo. "Nimeirudisha kwa mwenyewe. Ikimpwaya ataipunguza."

Alijibu hivyo, kisha nikamkuta uani anaiosha mikono isiyo na kitu. Gauni la njano liko pale pale kambani. Kasuku halitaki, na mama yake mkubwa hathubutu kulianua. Jua limelichuja upande mmoja.

Jana asubuhi alikuja mwanamke tusiyemjua, kijana, ameshika kifurushi kwapani. Alitaka kifuliwe haraka, asubiri hapo hapo. Mama Dobi akapokea, akakibonyeza kidogo kwa nje, asikifungue. Akamtazama usoni.

"Kaa kwanza, mwanangu. Hiki nakifua, au hiki unakipeleka mahali?"

Yule akasema, machozi yakimlenga, ni mafuta tu, mafuta ya kupikia yamemwagika.

"Mafuta hayaliliwi," Mama Dobi akasema polepole. "Hospitali, korido mpaka mwisho, mlango wenye pazia. Hata ukiwa umeoga."

Mwanamke akakinyakua kifurushi chake akatoka, karibu anikumbe mimi na mtoto. Mama Dobi akajipiga kifuani. "Nimemfukuza. Nimefanya haraka tena."

Mlango wa chumba chao ukafunguliwa. Kasuku alikuwa amesikia. Akatafuta ndala zake, moja ilikuwa chini ya benchi, akazivaa, akatoka bila kutuaga.

Nilikwenda mpaka getini. Alikuwa amemfikia. Hakumshika. Alitembea pembeni yake, na nikaona mikono ya Kasuku imeanza kwenda huku na huku, kama ilivyokuwa zamani akizungumza. Wakakata kona ya kushoto. Njia ile inakwenda hospitali, na inakwenda stendi pia.

Niliporudi, Mama Dobi alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono inachuruzika maji.

"Wameshika njia gani?"

"Kushoto," nikamwambia. "Kasuku anaongea."

Alivuta ndoo, akakaa kuelekea getini.