Vioo Vilivyopakwa Lami

Juzi mafundi walikuja kuziba mashimo ya barabara mbele ya kibanda changu cha viazi hapa Makambako. Walipoanza kuchemsha lami nilifunga, nikaenda zangu nyumbani. Majirani wakasema nina maringo. Waseme. Ninyi mnaonisoma nitawaambia.

Mama alikuwa anazoa unga wa mbao kwenye kiwanda kimoja cha zamani cha kupasua mbao, nje ya Njombe. Taa hakikuwa nazo. Mwanga ulishuka kutoka paani, kwenye safu ya vioo, ukakuta vumbi la mbao linaelea, likawaka lote. Nilidhani mbinguni kunafanana hivyo, ila kelele pungufu.

Masika moja vioo vikavuja. Meneja Gaudensi akaona mbao zake zinalowa. Badala ya kuweka vioo vipya akaagiza vipakwe lami, na msimamizi Eliasi akapanda mwenyewe na ndoo. Nawataja kwa majina, maana mama yangu naye alikuwa nalo: Yusta.

Tangu hapo wanawake wakiwa nje juani walifunika jicho moja kwa kiganja. Wakishaingia walilifunua, likawa limeshazoea giza. Sisi watoto tuliwaiga, tukiwasalimu kwa Kibena huku tukicheka: "Kamwene, chongo!"

Siku moja nilimpelekea mama chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali, tumekaa nje tunamenya viazi, mikono yote miwili ina kazi. Eliasi akagonga chuma cha kuwaita kazini kabla ya wakati. Mama akainuka mbio, nami nyuma nimeshika pindo la kitenge chake. Mlangoni akasimama, asubiri macho yazoee giza. Eliasi akapiga kelele:

"We Yusta! Unasali hapo? Kanisa liko Uwemba!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kwa aibu, akaingia. Pindo likanichomoka mkononi. Mkanda wa msumeno ulikuwa umeshamkamata.

Msibani Eliasi alikuja na sukari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kichwa: "Mipango ya Mungu, mwanangu." Nikaamini. Mtu mzima kasema. Nikamchukia Mungu miaka na miaka, bibi akinivuta kanisani kama mbuzi wa mnada.

Nilikuwa na watoto wangu wawili tayari nilipoelewa kwamba Mungu hakupanda paa lile na ndoo, wala hakupiga kelele mlangoni. Nikamwomba radhi. Eliasi na Gaudensi mpaka leo hawajaniomba mimi.