Ukuta Ambao Fundi Alisema Tusiuguse

Mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ya Papa Diresa ninatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano, na msicheke kwanza, acheni niwaeleze, kwani aibu hii niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Tulikuwa tunabomoa jiko la zamani, lile la matofali mabichi alilojenga baba mkwe hapa Kasongo, kuta zote nyeusi kwa moshi na paa linavuja. Mume wangu alikuwa Salamabila kwa biashara yake, kwa hiyo kazi niliisimamia mimi na wifi yangu Faida. Fundi wetu, Amisi, ni mtu mpole (upole wake ndio ulioanza kunitia wasiwasi), na kabla ya ufundi alichimba dhahabu miaka mingi. Siku ya tatu nikamwona anagonga ukuta wa nyuma kwa kidole, anaweka sikio, anagonga tena.

"Mama, huu wa nyuma mutu asiuguse," akaniambia. "Nitaubomoa miye mwenyewe, kesho, nikitoka sala ya Ijumaa."

Mwenyewe! Kwa nini mwenyewe? Nikakumbuka baba mkwe naye alikuwa mtu wa dhahabu, na alikufa ghafla bila kuagana na mtu, nikajiambia, mchimbaji anajua sauti ya ukuta wenye kitu ndani. (Nyuma kulikuwa na bafu ya jirani, nilijua, lakini nilifikiri ina ukuta wake.)

Basi kesho yake, Amisi alipokwenda msikitini tu, nikashika sururu. Faida nikamweka mlangoni, asimwambie mtu. Hakumwambia mtu (alimwambia muuza mihogo, ambaye kwake si mtu), na hata jasho halijanitoka nikasikia miguu uani, na mabeseni, na sauti inauliza, "Dhahabu iko wapi?"

Nikaogopa wataninyang'anya, nikapiga kwa nguvu zote. Tofali likadondokea upande wa pili, na kwenye tundu nikaona kitu cha mviringo, kimelowa, kinang'aa.

"Niko naiona!" nikapiga kelele, na hapo watu wote wakaingia kwa pamoja, wakausukuma ukuta, ukalala chini mzima.

Kilikuwa kichwa cha Papa Diresa. Mwalimu mkuu mstaafu, aliyenifundisha mimi kusoma, amesimama ndani ya bafu yake, povu mpaka masikioni, ndoo ameishika mbele yake. Akaniangalia kama darasani nilipokuwa nakosea hesabu.

"Mama Zaina, uko unatafuta nini kwangu?"

Nikavua kitenge cha juu nikamrushia huku nimegeuza uso, kikaanguka matopeni.

Amisi akarudi watu hawajatawanyika.

"Ukuta ni mumoja, wa jiko na wa bafu," akasema. "Nilitaka nimuombe Papa ruhusa kwanza." Kisha akatazama sururu yangu na yale mabeseni, akasema polepole: "Kumbe mama ulifikiri niko mwizi?"

Wote walisikia. Hilo liliniuma kuliko yote.

Papa Diresa na mkewe walioga kwetu wiki mbili. Amisi hakuja siku mbili, mpaka nilipomfuata kwake na kuku mkononi, nikamwomba msamaha mbele ya mkewe. Akampokea kuku, akacheka kidogo, akarudi kazini. Jiko ni zuri sasa. Lakini nimeapa, nikimshuku mtu tena nitamwuliza kwa mdomo, ana kwa ana, hata sauti ikitetemeka.